Sikio la Mama Kwanza

Bwenini, Wundanyi
11 Mei 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima, ni baridi tu ya mlimani inayotutesa, na ile sweta uliyoninunulia ndiyo ninayolala nayo. Hoteli inaendaje? Mgongo umepoa? Nyanya wa Chawia umemwona?

Mama, nina jambo, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujapiga kelele. Mtihani wa form four ukiisha mwezi wa kumi na moja, nataka kutoga sikio. Si pale chini, pale tayari. Ni huku juu, penye gegedu. Yanatogwa matundu mawili, moja mbele karibu na uso, lingine kule nyuma, halafu kijiti kimoja cha chuma kinapita yote mawili na kulikatiza sikio. Inaitwa industrial. Dadake Shanice anayo na imempendeza vibaya sana. Shanice ni yule rafiki yangu wa kitanda cha juu, wa Voi. Huko Voi kuna kijana anaitwa Phineas ndiye anayefanya kazi hiyo, na ni msafi, kila mtu na sindano yake mpya.

Ningeweza kufanya kwa kujificha kama wengine, lakini sitaki. Najua utakataa, ila angalau ujue nilikuomba. Barua hii nampa Mwanzia wa lori la kabeji, akishusha mzigo hapo Maungu atakupitishia.

Mwanao,
Wakio


Maungu
18 Mei 2025

Mwanangu Wakio,

Nimefurahi kusikia u mzima. Mgongo haujapoa ila bado haujanishinda. Nyanya yako yuko vizuri, anasema umsalimie huyo anayekupikia shuleni, maana Pasaka ulikuja umenona.

Barua yako nimeisoma mpaka chapati ikaungua, na sijaelewa. Kijiti cha chuma, kama spoki ya baiskeli? Kinaingilia huku kinatokea kule, sasa pale katikati kinafanya nini? Kinashikilia nini? Kulikuwa na dereva wa trela anakula maharagwe, nikamwomba anieleze. Akaniambia industrial ni upande wa viwanda kule Nairobi. Basi nikazidi kuchanganyikiwa.

Sijasema hapana. Wala sijasema ndiyo. Kitu nisichokijua nitakikataaje? Unakumbuka ulipokuwa mdogo, ukishikwa na malaria, ulikuwa hukubali dawa mpaka mimi niionje mbele yako? Nilikuwa naonja, nakuambia, "Ni chungu, lakini inamezeka," ndipo unafungua mdomo. Mama yangu alinifanyia hivyo hivyo. Kwa hiyo nipe nafasi niulizeulize, na wewe usome vitabu.

Mamako


Bwenini
1 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Niko salama, natumai hata wewe.

Hakishikilii chochote, mama. Ni urembo tu. Kwani bangili inashikilia mkono? Na ukisema utauliza, mimi najua hiyo ni hapana ya polepole. Hata safari ya Mombasa ulisema utauliza, basi la shule likaondoka bila mimi. Tuyaache. Sahau kwamba niliomba.

Visiting ya wazazi ni Jumamosi tarehe tano Julai. Uje na kuku na chapati zako, za huku ni kama soli ya kiatu.

Wakio


Maungu
15 Juni 2025

Mwanangu,

Hujambo huko baridini? Naandika nikiwa nimeinamisha kichwa upande mmoja, kwa hiyo mwandiko wangu usiucheke.

Nilikwenda Voi kumwona huyo Phineas. Nilitaka kuuliza tu, haki ya Mungu. Kibanda chake kiko nyuma ya soko, kisafi kweli, na ana glavu kama za daktari. Nikamuuliza inauma vipi. Akasema, "Mathe, inategemea na mtu." Nikamuuliza inategemeaje, akasema hiyo ni ngumu kueleza. Nikawaza, mtoto wangu ataingizwa chuma ambacho sijui uchungu wake, na huyu anayekiingiza hawezi hata kuniambia. Nikamwomba anitoge mimi tundu moja tu, la kuonja. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema hii haina kuonja, ni mawili au basi. Nikakaa kwenye kiti.

Wakio, sijui hata ilikuwaje. Nilitoka pale na chuma sikioni.

Sasa ndiyo hivi. Nikigeuza chapati leso ya kichwani inanasa kwenye chuma. Upande wa kulia siulalii. Naosha na maji ya chumvi asubuhi na jioni kama nilivyoagizwa. Matanboi wa malori wananiita mathe wa Nairobi. Akina mama wa kanisa waliniuliza kama ni dawa ya presha, nikaona njia rahisi ni kusema ndiyo, na sasa mwenyekiti wao anataka nimpeleke naye akatiwe. Nimwambie nini?

Nyanya yako peke yake ndiye hakushtuka. Alinishika sikio, akaligeuza huku na huku, kisha akafungua kitambaa chake akanionyesha ya kwake, yale matundu makubwa ya usichana wake. Akasema, "Na nyinyi mlitucheka." Sikujua nicheke au nilie.

Habari ya uchungu wenyewe nitakupa ana kwa ana siku ya visiting. Bado natafuta namna ya kuieleza.

Mamako


Bwenini
22 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Ulifanya NINI?

Mwanzia amewaambia wapishi, wapishi wamemwambia prefect wa jikoni, na sasa shule nzima wananiuliza kama mamangu anaimba kwenye bendi. Mama, hiyo ni ya vijana! Huku tunakaguliwa masikio kila Jumatatu, na deputy amezoea kusema kwamba msichana asiye na adabu, mtazame mzazi wake. Siku ya visiting atasimama pale getini anasalimia wazazi mmoja mmoja.

Nakuomba, itoe. Kama haitoki, basi usije. Kikapu mpe Mwanzia ataniletea. Nimejaribu kuandika hili kwa namna nzuri nimeshindwa. Nakupenda, lakini usije hivyo.

Wakio


Bwenini
6 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Hukunijibu. Nilijiambia umekasirika, halafu nikajiambia labda barua haikufika.

Jana Mwanzia aliniletea kikapu. Nikamuuliza habari zako, akaangalia kando, kisha akasema, "Si ukamuulize mwenyewe? Yuko hapo chini kwa lori." Nikakimbia mpaka getini. Nikakuona umekaa kiti cha mbele, umejifunga ile leso ya kijani mpaka karibu na macho. Nilikuwa nakuja, mama. Nilikuwa nakuja kabisa. Halafu Shanice na wazazi wake wakatokea, na mamake akaniuliza, "Wako amefika?" Nikasema bado. Nikageuka nikarudi nao.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kile chuma nilikitaka mimi. Mimi ndiye niliyeomba, wewe hata hukuwa unajua kinaitwaje. Dadake Shanice alikuwa pale pale na chake na watu wanakisifu, na mimi nikakisifu. Nimefikiria usiku kucha na sijielewi. Chapati zilikuwa bado na joto na sikuweza kuzila, nimewagawia wenzangu wa bwenini.

Uliniona? Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Mwanao,
Wakio


Maungu
13 Julai 2025

Mwanangu Wakio,

Hujambo mamangu? Mimi sijambo. Mgongo nao umetulia siku hizi, labda umelionea sikio huruma.

Nilikuona. Nilipanda lori nikijiambia siji visiting, naja tu nikuone kwa mbali umekuwa mrefu kiasi gani. Ulipotokea getini ukikimbia, nikaanza kuhangaika na ule mlango wa Mwanzia, nao ni wa kubembelezwa. Ulipokubali kufunguka, nikaona mgongo wako. Nikaufunga tena. Mwanzia aliporudi alinipa ndizi, nikaimenya tukiteremka kwenda Mwatate.

Nililia, sitakuficha. Barua yako sikuijibu kwa sababu sikujua nijibu lipi. Kwako kingekuwa urembo, kwangu kimekuwa aibu, na chuma ni kile kile. Naligeuza jambo hili nikikanda unga, nikiosha vyombo, na mpaka sasa sijalielewa. Wewe pia huelewi, umesema. Basi tuko wawili.

Sijakitoa. Phineas anasema nikikitoa sasa matundu yatajifunga. Mwanzo nilikiacha kwa hasira, nikukomoe, sasa nimekizoea, mkono unakwenda wenyewe kukigusa. Mwenyekiti wetu bado ananifuata. Mwezi wa kumi na moja ukitaka kwenda Voi, nitakupeleka mimi mwenyewe na nitakushika mkono. Usipotaka, tutapita sokoni tununue samaki turudi nyumbani. Amua wewe.

Hotipoti yangu mpe Mwanzia, usiisahau huko kama ile nyingine.

Habari ya uchungu wenyewe nilikuahidi. Nimeonja machungu yote mawili, ya kwa Phineas na yale ya getini. Inauma, Wakio, lakini inavumilika.

Mamako