Kisu cha Kufungwa Mkononi

Jumatatu, 2 Machi 2015
Basi limechelewa, theluji. Nimemwosha Mzee Walter ninayemtunza kwake, nimempa uji, nimepangusa kabati. Juu kuna sanduku. Akasema nifungue.
Kisu, lakini hakina mpini. Kina mikanda ya ngozi, unakifunga nyuma ya kiganja. Ukikunja ngumi na kubonyeza, makali yanaruka mbele ya vidole. Baba yake alikitengeneza wakati wa ile vita ya zamani, wazungu walipopigana ndani ya mahandaki. Cha majaribio tu. Wakubwa wa jeshi walikijaribu, wakakikataa. Mzee bado ana uchungu.
Mimi nimekirudisha sandukuni haraka.

Jumanne, 3 Machi
Nimeota wale waliomuua baba kule Kivu. Hawakuwa na vidole. Panga tu, kuanzia kiwiko.
Mwanangu Neema ameuliza kwa nini nalia. Nimesema kitunguu. Asubuhi, hakuna kitunguu.

Alhamisi, 5 Machi
Mzee ameninyooshea mkono. Nimfunge, ajue baba yake alijisikiaje. Nimekataa. Kwetu kisu hakipewi mkononi. Unakiweka chini, mwenzako anaokota, ndiyo hamtagombana. Hiki hakiwekwi chini. Nimemweleza kwa Kiingereza changu cha kuvunjika.
“Kumbe na wewe ni kama wale wakubwa wa jeshi!”
Akageukia ukuta. Hakula.

Ijumaa, 6 Machi
Binti yake anayekaa Amherst amepiga simu. Amesema Jumatatu tutaongea. Donc, basi, kazi imeisha.
Tangu tufike Marekani, Louisville tulihama. Columbus tulihama. Hapa Neema ana shule, ana rafiki. Sitaki tena kufunga nguo zake kwenye mifuko ya plastiki. Ningemfunga tu? Mikanda miwili. Mikono yangu isingekubali.

Jumatatu, 9 Machi
Binti alikuwepo tangu jana, wamenisimulia. Mzee alimbembeleza, binti akamfunga kile kisu. Halafu binti akatoka kidogo, akaenda dukani. Mzee peke yake akashindwa kufungua, mkono ule mwingine unatetemeka. Akalia. Akataka kupangusa macho, akaogopa mkono wake mwenyewe.
Leo nimekikuta mezani, juu ya taulo.
“Nimekiweka chini, Mama Neema. Okota.”
Nimeokota. Nimefunga sanduku. Binti atalipeleka makumbusho. Ameniuliza kama naweza kuja na Jumamosi pia. Bon, sawa. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza.

Jumapili, 15 Machi
Tumetoka kanisani. Napika sombe, majani ya muhogo. Nimemtuma Neema aniletee kisu kidogo. Amekiweka mezani, akarudisha mkono nyuma, akangoja nikiokote. Sikumbuki kumfundisha.
Macho yakajaa. Leo kitunguu kilikuwepo kweli.