Watu wa Akia

Jumamosi, 2 Machi 1985

Mnara wa tatu leo. Nilitoka Kaloleni mapema, chai kwenye thamosi, mkate na siagi. Nilikata vipande vinne. Mkono bado haujajua kwamba ni viwili.

Mnara uko katika mji mdogo mbele ya Kendu Bay, umesimama peke yake kwenye nyasi. Bamba la majina limeng'olewa. Yamebaki matundu manne ya skrubu. Niliyatazama muda mrefu, sijui kwa nini. Mama mmoja wa kuuza dagaa wa omena aliniita kutoka ng'ambo ya barabara, "Mama, unasoma nini hapo? Hata sisi tutafutie!" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Nilipofika kituoni nikalia kidogo.

Nimeweka alama kwenye orodha. Ni orodha ya Odhiambo, mume wangu, ukurasa wa mwisho wa daftari lake. Minara yote ya vita aliyoisikia, na mahali pengine pa zamani alipotaka tupaone pamoja. Alifariki Agosti kabla hatujaenda hata kwenye mnara mmoja. Baba yake, Oloo Obuya, alichukuliwa jeshini wakati wa vita vya Wajerumani vya pili, Odhiambo akiwa na miaka mitatu. Hakurudi. Haikuja barua. Odhiambo alitaka kuona jina tu, mahali popote, limeandikwa.

Jumapili, 10 Machi

Kit Mikayi. Hapana uhusiano na vita, lakini pako kwenye orodha. Mawe makubwa yamebebana kama mizigo. Akina mama wa kanisa wamevaa meupe, wanaimba. Kijana na mchumba wake waliniomba niwapige picha. Nikawapiga. Wakauliza kama na mimi nataka. Nikasema hapana, asante.

Hakuna la kuandika zaidi.

Jumamosi, 16 Machi

Nyakach, kwa mama mkwe. Nilishuka Katito nikatembea. Nimemletea sukari na dawa ya kuchua miguu. Miguu imevimba mpaka viatu haviingii.

Wazee wa ukoo wamekataa tena. Mama anaomba wamzikie mumewe yago, lile tunda refu zito linalozikwa badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Wanasema yago ni ya maiti, na Oloo hakuna aliyeona amekufa. Binamu mmoja, mtu wa maneno mengi, alisema mbele yetu, "Tutamzikaje mtu anayekunywa chai Burma na bibi yake?" Alisema hivyo hivyo kwenye matanga ya Odhiambo. Siwezi kumsamehe. Nimejaribu.

Mama alingoja aende, akaniambia, "Nyar Kisumo, mimi nakufa karibu. Wataniita nini? Mjane, ama bibi ya mtoro?"

Huniita hivyo siku zote, binti wa Kisumu. Mimi nimezaliwa mjini, Kiswahili ndiyo lugha ya kwetu, Kijaluo nilijifunzia jikoni kwake. Nikachukua ile dawa nikamchua miguu.

Jumatatu, 18 Machi

Orodha imekwisha. Hakuna kitu.

Nikitoka Kibuye na mboga nilipita makaburi ya mjini. Kuna sehemu ya askari, mawe madogo yamepangwa kama wanafunzi. Haimo kwenye orodha. Odhiambo aliamini baba yake alifia mbali, kwa hiyo alitafuta minara ya waliofia mbali. Niliingia kwa sababu sikutaka kufika nyumbani.

Mlinzi wa pale ni mzee mcheshi. "Karibu mama. Wageni wangu hawana kelele." Ana kitabu cha majina ndani ya kisanduku. Nilimwomba nikae nacho. Hakuna Oloo hata mmoja. Nikanakili wale wote walioandikwa kuwa wa Nyanza, kumi na wanane, na maelezo yao. Labda mama atamjua mmoja aliyeondoka na mumewe. Kuna mmoja wa Nyakach.

Nilisahau mboga pale. Kesho zitakuwa zimenyauka.

Jumamosi, 23 Machi

Nitaandika polepole.

Nilimsomea mama majina, yeye akichambua mtama. Hawajui. Anatikisa kichwa, nasoma mwingine. Nilipofika wa Nyakach nikasoma kama lilivyoandikwa, Akia mwana wa Obuya.

Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Nani huyo anaitwa Akia? Mtu anaulizwa jina anasema sijui!"

Akia. Kwa Kijaluo, sijui. Neno ninalolisema kila siku, na nililinakili kwa mkono wangu mwenyewe bila kulisikia. Kwenye karatasi lilikuwa jina tu, na herufi kubwa mbele.

Nikamuuliza, mama, mzee alijua Kiswahili?

Hata kidogo, akasema. Halafu akaacha kucheka.

Tuliipanga pamoja, yeye neno moja, mimi moja. Karani wa jeshi anauliza, jina lako nani? Oloo haelewi, anajibu akia. Karani anaandika. Baba yako nani? Hapo anasikia neno baba, na baba analijua. Anasema Obuya. Karani anaandika. Nikamsomea maelezo yaliyobaki. Homa ya mapafu, hospitali ya jeshi, Kisumu. Alikuwa na wiki tatu jeshini. Hakupanda hata meli.

Nilidhani huo ndio mwisho. Mama akaniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu halikuwa jambo. Mwaka ule, siku ya soko Katito, tarishi wa chifu alipita na karatasi akiita, "Watu wa Akia wako wapi? Watu wa Akia!" Soko zima lilicheka. Wengine walimjibu, "Hata sisi hatujui!" Tarishi akakasirika akaenda zake.

"Na mimi nilicheka," mama akasema. "Nilikuwa na Odhiambo mgongoni. Nilicheka sana."

Jumanne, 26 Machi

Nimemleta mama. Mlinzi alitutolea kiti chake. Mama hakukaa. Alishika jiwe kwa mikono miwili kama mtu anayepima joto la mtoto, akamwita kwa jina lake. Oloo. Oloo wuod Obuya, mwana wa Obuya. Akamwambia habari zote, ng'ombe, ukame, mwana amekufa, mjukuu Akinyi yuko chuo. Mlinzi alivua kofia. Aliniambia naweza kuandika barua jina lirekebishwe, lakini huchukua muda. Nitaandika.

Odhiambo alipita nje ya ukuta huu kila siku ya kazi. Miaka ishirini na miwili, kwa baiskeli. Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani. Karani naye alikuwa akifanya kazi yake.

Jumapili, 31 Machi

Nyakach. Wazee wamekuja wakasikiliza. Wamesema hakuna haja ya yago, kaburi lipo. Binamu aliomba maji tu.

Alfajiri hii mama amenyolewa. Mjane huwa ananyolewa baada ya maziko, na yeye alikuwa hajanyolewa, kwa sababu hapakuwa na maziko. Jirani yake, mjane pia, alifanya kazi hiyo uani kwa wembe mpya na maji ya vuguvugu. Nywele zilikuwa nyeupe, kidogo tu. Kichwa chake ni kidogo kuliko nilivyofikiri.

Alijipapasa akatabasamu. Kisha akanitazama mimi. Mwaka jana hawakuninyoa. Walisema huyu ni mtu wa town, mwacheni, nami nikaona wamenihurumia. Nimekaa na nywele hizi miezi saba.

"Kuja, Nyar Kisumo," akasema. "Keti hapa."

Nilifungua kitambaa cha kichwa nikaketi. Maji yalikuwa bado na uvuguvugu. Alininyoa yeye mwenyewe, taratibu, mkono wake mwingine umenishika kidevu.