Kitufe cha Tano

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa, na kwamba mama amekuzuia kupanda juu ya paa. Mimi ni mzima, ila macho yamechoka kwa kukodolea kompyuta.

Hospitali inatengeneza tovuti yake upya, na kazi hiyo nimepewa mimi. Mgonjwa akiifungua, kwa simu yake au kwenye kompyuta ya ukumbini, anaona kwanza vitufe vya lugha. Anabonyeza anayoielewa, kisha anaelekezwa siku ya kliniki, mlango wa kuingilia, na dalili za kumfanya aje haraka. Vitufe ni vitano. Vinne vimekamilika na vinatumika. Cha tano ni cha watu wa ng'ambo ya mto, ambao wamekimbia kwao na sasa wamejaa mtaani kwetu. Hatujapata wa kuwatafsiria. Mkuu wangu amesema tukifika mwisho wa Machi bila mtu, kitufe kinaondolewa.

Baba, mwaka jana ulipolazwa na homa ulikuwa unaweweseka. Mama alisema ni maneno ya homa tu. Sasa nayasikia ukumbini kila siku. Unaijua lugha yao. Nimetia humu kurasa za kutafsiri. Naomba.

Mwanao.

14 Februari

Msomi wangu,

Marahaba. Kifua kimetulia. Paa nilipanda, mama yako akanishusha kwa maneno.

Kurasa zako nazirudisha. Tuliishi kwao, ng'ambo ya mto, na watu hao walichoma nyumba yetu nikiwa na miaka minane, kaka yangu akiwa ndani. Sikukuambia kwa sababu sikutaka uyabebe. Tangu hapo lugha yao haijatoka mdomoni mwangu, na kama ilitoka siku ile, ni homa iliyosema. Hapa kwenye kona yetu yupo fundi viatu wa kwao. Miaka yote napita mbele yake kiatu kikiwa kimefungwa kwa kamba, na simpi. Leo niwaandikie "Karibuni"?

Niombe kingine chochote.

Baba yako.

25 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nzima. Kumbe nilikuwa na baba mkubwa, na sijui hata alipenda nini.

Sitakuomba tena. Nakueleza tu la juzi, kwa sababu sina mwingine wa kumweleza. Alikuja mama mmoja wa kwao na mtoto mgongoni. Wiki moja kabla alikuwa amefika kwenye ile kompyuta ya ukumbini, akabonyeza kitufe kimojawapo, maana usipobonyeza hupiti. Alichoelewa ni tarehe tu, kwa kuwa tarakimu ni zile zile. Akarudi tarehe hiyo. Ilikuwa siku ya chanjo, na mtoto wake alihitaji daktari siku ile ile ya kwanza. Muuguzi alipomfungua mgongoni, mtoto alikuwa wa baridi, hapumui. Mama yake akawa anamwambia kila anayepita neno moja, lile lile, na hakuna aliyelijua.

Wewe ungelijua.

Kurasa nazituma tena. Zikikuchukiza, zifungie misumari yako ya paa.

Mwanao.

27 Machi

Mwanangu,

Leo acha nianze mimi: hujambo, mama? Unakula? Nimekawia kwa sababu nilikuwa naandika na kufuta. Mama yako alidhani naandika wosia.

Nilipomaliza niliingiwa na hofu. Mgonjwa hapewi maelekezo ya kubahatisha, na wa kuniangalizia yupo mmoja tu. Nikaenda kwa fundi. Alitazama kiatu kwanza, akasema, "Mzee, hicho nimekihurumia miaka." Nikampa karatasi. Akasoma, akacheka mpaka nyundo ikamdondoka.

"Hii imeandikwa na mtoto," akasema. "Kama katoto kanamwita mama yake jikoni. Mtu mzima haongei hivi."

"Sina nyingine," nikamwambia.

Akaacha kucheka. "Uliondoka kwetu na miaka mingapi?"

"Minane."

Hakuuliza niliondokaje. Alisogeza viatu vya watu, nikakaa kwenye benchi lake. Tukaandika upya, yeye akitoa maneno ya watu wazima, mimi nikishika kalamu. Sijamsamehe mtu, usije ukamwambia mama yako nimekuwa mtakatifu. Ila yule mama wa mtoto hanitoki akilini.

Mstari mmoja fundi alikataa uguswe. Wewe uliandika "Subiri zamu yako." Mimi niliweka alivyokuwa akituambia mama mmoja wa kwao, wa nyumba ya pili, mimi na kaka, tukimsubiri agawe chakula: "Kaa hapa, usiogope, nitakuita." Fundi akasema, "Huu uache. Hata mtu mzima anataka kuambiwa hivi."

Kiatu kimeshonwa.

Baba yako mkubwa alipenda kupiga mluzi. Aliupiga vibaya.

Baba yako.

4 Aprili

Baba,

Shikamoo, na mpe fundi salamu zangu kama mnasemeshana.

Kitufe cha tano kimefunguliwa Jumatatu. Niliacha meza yangu nikashuka kusimama ukumbini, nikijifanya nakagua nyaya. Akaja msichana wa kwao, mjamzito, peke yake. Akapitisha kidole juu ya vitufe kama mtu anayepita milango ya watu asiowajua. Kwenye cha tano kidole kikasimama.

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho aligeuka, akatafuta ukumbini aliyemsemesha. Hakumwona. Akaenda kwenye mlango wa tatu, ule wa wajawazito, akaweka mkoba chini, akakaa, kama ulivyomwambia.

Mwanao.