Nati Tano za Gurudumu la Kushoto

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba wifi amepona lile jino lililomnyima usingizi. Mimi huku kaskazini sijambo, nimenenepa kidogo kwa kukaa kwenye usukani kutwa. Mwambie Mama sijachoka, wala sina mpango wa kuchoka.

Mvua zimekatika na msimu wa wageni umeanza. Ungeiona barabara ya ziwani sasa hivi. Milima yote ni kijani, kingo za lami zimeota maua ya njano, na ukimaliza kona ya mwisho ziwa linatokea lote kwa mara moja. Hapo wageni hunyanyuka kutazama, hata wale waliolalamikia viti tangu asubuhi. Mimi hupunguza mwendo, najifanya nabadilisha gia, ili wafaidi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo nitajisifu kidogo tu: misimu minne sijakwaruza hata kioo cha pembeni. Wiki iliyopita bosi aliniita ofisini akasema mwaka huu msafara wa magari matatu nitauongoza mimi. Madereva wenzangu wakatania kwamba kwa ukaguzi wangu tutafika kesho kutwa. Wananiita Bi Nati. Kila tukisimama kupumzika, wao wakikimbilia chai, mimi nachukua spana nazunguka gari, nakaza nati za kila gurudumu, hata kama nilizikaza saa moja kabla. Mgeni mmoja mzee aliniuliza kama gari ni bovu. Nikamjibu gari ni zima, mbovu ni dereva. Akacheka sana, nami nikacheka naye.

Kaka, nimezunguka vya kutosha. Sasa nisimamishe gari nikwambie.

Unaikumbuka safari ya kumpeleka Mama kwa shangazi, miaka tisa iliyopita. Tulipata pancha kabla ya daraja. Uliniambia nibadilishe tairi la kushoto mwenyewe ili nijifunze, ukaenda kumtafutia Mama maji ya kunywa. Nilifunga zile nati tano kwa vidole, nikashusha jeki, na kabla sijashika spana Mama akaniita nimsaidie kufungua mlango. Nikasahau. Uliporudi ukauliza kama nimekaza, nikajibu ndiyo bila kufikiri.

Kwenye kona ya tatu nilikumbuka. Niliona aibu kukwambia usimame. Ulikuwa umeshanisifia mbele ya Mama kwamba mdogo wako ni fundi, nikajiambia nitazikaza kimyakimya tukifika. Hatukufika.

Gurudumu lilipookotwa chini bondeni, watu walisema limeng'oka kwa kishindo cha gari kuanguka. Wewe ukakosa maelezo mengine, ukasema lazima ulisinzia. Mama alitoka mzima, mkono wako ukaunga, lakini leseni ukaifungia kabatini. Mtu aliyenifundisha kila ninachokijua barabarani anauza madaftari dukani, na anapanda gari kiti cha nyuma. Nimekuacha hivyo miaka tisa. Ninaona haya kuliko ninavyoweza kuandika.

Hukusinzia, kaka. Nilikaa kando yako nikikutazama, nikitafuta ujasiri wa kusema. Macho yako yalikuwa wazi muda wote, na mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Gari la tatu la msafara halina dereva. Nimemwambia bosi kuna mtu anayeendesha kunishinda, ila sijui kama atakubali kuniona. Tunaondoka Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Nimeulizia, leseni iliyoisha muda huhuishwa kwa siku mbili. Ukija na hasira zako njoo nazo, barabara ni ndefu na nitasikiliza yote.

Wasalimie watoto, na wifi umwambie asitafunie upande ule. Mama msomee barua yote, au ukomee pale kwenye ziwa, hilo nakuachia wewe. Ukija, nati za gari lako kaza mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Bi Nati