Zile Dakika Kumi na Tisa

Mpendwa mdogo wangu Chaki,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wale wasichana wawili ambao kila picha inapokuja wamerefuka tena. Mimi nipo. Paa la karakana limeacha kuvuja, na saa zote za ukutani zinakubaliana, jambo ambalo wewe ulikuwa ukisema halitatokea nikiwa hai. Mwandiko usiucheke. Barua hii nimeiandika kwa siku nne, kidogo kidogo, na sababu utaiona mbele.

Barua yako niliisoma mara tatu. Umesema picha yangu nikivuka mstari wa mwisho umeibandika ukutani katika ofisi ya walimu, na mwalimu mkuu anauliza kama naweza kuja kuwaambia wanafunzi habari za kutokata tamaa. Umesema binti yako mdogo amepoteza meno mawili ya mbele na anajivunia pengo. Umelalamika kwamba chaki siku hizi wanatengeneza mbovu, zinakuponyoka na kuvunjika mpaka darasa zima linakucheka. Halafu ukanitania. Umesema umeisoma karatasi yangu ya matokeo ukakuta dakika kumi na tisa kati ya kutoka majini na kupanda baiskeli, wakati wenzangu walitumia nne au tano, ukauliza kama nilikaa kitako kusuka nywele. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kisha nikaweka barua mezani nikalia hadi mteja aliyeingia akageuka na kutoka.

Swali lako nitalijibu, ila sina budi kurudi nyuma kidogo.

Unakumbuka mikono ya baba. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu skrubu za saa zilipoanza kumtoka vidoleni. Baadaye ikawa vifungo vya shati, baadaye kijiko. Nyumba nzima tulisema saa zimemla vidole, na yeye mwenyewe aliamini hivyo, maana alikuwa ameshika vitu vidogo kuliko punje ya mchele tangu ujana wake. Ndiyo maana siku uliyoomba kiti kwenye meza ya kazi alikufukuza. Alisema mtoto mmoja kuharibika kunatosha, wewe nenda ukashike chaki, chaki haina skrubu. Jina likakuganda hapo. Mimi aliniacha kwa sababu kazi nilikwisha kuijua, akaniita Kibano kwa vile mkono wangu haukutetemeka. Ulininunia mwaka mzima ukidai nimependelewa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza mbona mafundi wengine wa saa mtaani walizeeka na vidole vyao.

Mwaka jana mwanzoni skrubu zilianza kunitoka na mimi. Nililaumu kibano, nikanunua kipya. Nililaumu taa. Nilipoangusha gurudumu lile lile mara sita mbele ya mwenye saa, nikaenda kwa daktari nikitegemea aniambie nipumzike wiki mbili. Alinipima siku tatu tofauti, na akauliza habari za baba zaidi kuliko alivyouliza habari zangu. Mwishoni akaniambia vidole vyangu vinakwenda njia ile ile ya baba. Aliongeza na mengine, ila hayo nilijitia sikuyasikia.

Nilitoka pale na hasira za mtu aliyetukanwa. Wiki hiyo hiyo mteja mmoja, mama muuza dawa ambaye saa yake haifi, alinionyesha tangazo la triathloni: kuogelea karibu kilomita mbili, baiskeli tisini, kukimbia ishirini na moja. Wanaiita nusu, kana kwamba anayefanya nzima anabaki hai. Nikajiandikisha siku ile ile. Wewe ulidhani dada yako amezeeka vibaya, anatafuta ujana. Ukweli ni kwamba nilitaka kumrudia yule daktari na medali, niiweke mezani pake, nimuulize mgonjwa gani anafanya haya. Miezi kumi nilijikaza kisabuni. Bwawani alfajiri, karakana mchana, barabarani jioni. Kila nilipoongeza kilomita nilihisi nimempinga.

Siku yenyewe ziwa lilikuwa na baridi ya kuuma meno. Maji yalinifika shingoni, na safari hii si msemo. Lakini niliogelea vizuri, Chaki, vizuri kuliko mazoezini, nikatoka nimewaacha watu wengi nyuma. Nikakimbia hadi kwenye baiskeli nikicheka.

Sheria yao ni hii: huruhusiwi kugusa baiskeli kabla hujafunga mkanda wa kofia chini ya kidevu, na mtu yeyote akikusaidia kuufunga, umeondolewa. Kifungo chenyewe ni cha plastiki, ulimi unaingia kwenye tundu, unasikia mlio, basi. Wanao wanafunga cha aina hiyo kwenye mikoba yao ya shule. Nikavaa kofia, nikashika ncha mbili, na vidole vikakataa. Baridi ilikuwa imevimaliza. Niliviona vinaning'inia, nikaviamuru, havikuja. Nikajaribu mara ya pili, ya kumi, sijui. Niliowaacha ziwani wakafika, wakafunga, wakaondoka. Mwamuzi, mama mmoja mwenye filimbi, alinijia akauliza kama naumwa. Nikamwambia ninapumzika. Alitazama mikono yangu, akarudi nyuma hatua mbili, akasema kwa sauti ya chini kwamba angeweza angenifungia, lakini hawezi. Nilimchukia sana, naye hakuwa na kosa.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilitaka kurudi nyumbani. Kilichoniokoa ni ufundi wa baba tu: kitu kisipofungika mahali pake, kitoe, kifungie nje. Nikaivua kofia, nikaulegeza mkanda kwa meno hadi mwisho, nikaibana kati ya magoti, nikasukuma kifungo kwa viganja viwili mpaka kikalia. Halafu nikaivuta kichwani ikiwa tayari imefungwa, ikanichuna sikio damu ikatoka. Mwamuzi akavuta mkanda, akanikazia macho, akaniambia niende. Dakika kumi na tisa.

Breki nilishika kwa viganja, na mteremko mmoja niliushuka kwa miguu nikisukuma baiskeli. Kwenye kukimbia miguu yangu ilikuwa mizima, na hilo ndilo lililoniumiza. Kuanzia kilomita ya kumi na mbili nililia bila kusimama, watu wa pembeni wakidhani ni furaha, wakanipigia makofi. Nilifika zikiwa zimebaki dakika saba wafunge.

Sasa itazame tena hiyo picha uliyoibandika. Nimeinua mikono yote miwili na umeandika chini yake kwamba ni ngumi za ushindi. Si ngumi, mdogo wangu. Vidole vilikuwa havikunjuki.

Medali sikuipeleka kwa daktari. Nilikwenda mikono mitupu nikamwomba arudie yale niliyokataa kuyasikia, na hili ndilo nimeshindwa kuandika kwa siku nne. Si kazi. Haijawahi kuwa kazi. Ni ugonjwa wa misuli ulio kwenye damu, baba alikuwa nao na saa hazikumfanya chochote. Mzazi mwenye nao, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Baba alikutoa kwenye ile meza akuokoe, na pale hapakuwa na hatari yoyote. Wewe ulinung'unika, mimi nikaona fahari, wote wawili tulikuwa tunagombea kiti.

Nisamehe. Haya aliniambia mara ya kwanza kabisa, na nimekunyima mwaka mzima, kwa sababu kukwambia wewe kulikuwa ni kukubali mimi. Ningeendelea kukunyima. Lakini umeniandikia kuhusu chaki.

Chaki si mbovu, mdogo wangu. Nilikwenda dukani nikanunua boksi, nikazijaribu ubaoni kwa jirani yangu anayefundisha watoto. Ni zile zile.

Kesho asubuhi kabla hujaenda kazini nyosha mkono wako mbele ya wifi, kiganja chini, vidole vyote vimenyooka, na umuulize anaona nini. Kisha nenda kapime. Daktari anasema dawa ya kuponya haipo, ila anayejua mapema hufundishwa mazoezi na hujikinga na baridi, na mikono hudumu zaidi. Baba hakuyapata hayo. Wasichana wasiambiwe lolote mpaka wewe upimwe. Na usinijibu kwa utani, nakuomba, safari hii sitaweza.

Nisalimie wifi sana. Mbusu mwenye pengo na dada yake, na uvishike vidole vyao kidogo kwa niaba yangu. Meza ya baba ipo, kiti cha pili nimekirudisha. Njoo ukae.

Ni mimi dada yako,
Kibano