Mama alifunika PC

Rafiki yangu Safi, PC yangu ya kuchezea majeu, ile michezo ya ekrani, ilikufa. Carte graphique, ile kadi ya kutoa picha, iliungua. Iliungua kabisa!

Asubuhi niliacha jeu wazi, ventilo, ile feni ya kuipoza, kwa nguvu ya mwisho, joto digrii 72 tu. Nikaenda kuchota maji.

Kurudi, ekrani nyeusi, harufu ya plastiki mu chumba yote. Mama alifunika PC na kitenge. Na matundu ya ventilo aliziba na bitambaa. Aliziba, Safi!

Nikapiga kelele: «Mama, ni pale inapumulia!»

Akanijibu polepole: «Mutoto yangu, niliogopa vumbi iingie.»

Vumbi ya manyumba ya bajirani, yenye mashini ya mine, kampuni ya kuchimba madini, iko inabomoa hapa mutaa yetu ya Kapata. Kesho ni zamu yetu, banatufukuza.

Na Mama, saa hii nakuandikia, iko anafagia nyumba.