Kitabu Kimoja, Shemeji

Jumapili, 13 Januari 2019
Theluji tena. Tumecheza mchezo wetu wa kete na mashujaa wa kubuni kwa shemeji Verlyn, anayeusimamia, chumba cha chini, kama kawaida. Buibui mkubwa amemuuma Gudrun, kibete wangu — miaka tisa namchezesha! Nikajiandaa kupoteza damu kidogo, kama kitabu kipya cha kanuni kinavyosema. Verlyn akafungua kile cha zamani, chenye jalada la kuungaunga. Humo sumu ni kifo papo hapo, ukikosa mrusho mmoja wa kete.
Nikauliza, tangu lini? Si tunacheza toleo jipya?
"Buibui wa zamani ana ladha zaidi," akasema, mdomo umejaa jibini. Kisha akanihurumia kwa kitabu kipya: vibete huvumilia sumu, basi nirushe kete mara mbili nichukue iliyo bora.
Nimekataa. Huwezi kujenga nyumba moja kwa ramani mbili. Wameahirisha mrusho hadi Jumapili ijayo.

Jumatano, 16 Januari
Nimefunga mitambo ya joto majumbani mwa wateja siku nzima, buibui kichwani. Jioni nikampigia Verlyn. Mimi kampuni nimeianzisha na gari bovu na spana za kuazima, sionewi na kitabu. Kiwe kimoja, nikamwambia. Chochote, lakini kimoja.
Akasema tupige kura. Amekubali upesi mno.

Ijumaa, 18 Januari
Wifi Marlys: kitabu cha zamani. Mchawi wake ana moto mkali zaidi humo. Mchungaji Ostby: cha zamani, eti hata kazini huanza na Agano la Kale. Mimi: kipya. Nimeshindwa.
Nikachukua kalamu. Kwa kitabu cha zamani, kete ya pande ishirini, mrusho mmoja, nipate kumi na moja au zaidi. Nusu kwa nusu. Kwa mseto wa Verlyn, mirusho miwili — katika kila mara nne, tatu ningepona.
Nimehesabu upya. Tatu.
Mume wangu ananiuliza nimenuna nini. Nimemwambia soseji zina chumvi.

Jumapili, 20 Januari
Nimepeleka viazi vya kuoka anavyopenda Verlyn. Amekula, akaongeza. Nikasema kwa upole, labda mseto haukuwa mbaya, kwa buibui huyu tu.
"Kitabu kimoja, shemeji. Maneno yako hayo."
"Umepakuliwa ulichoagiza, wifi," akasema Marlys. "Kula sasa."
Mchungaji akamwombea Gudrun, uso mkavu kabisa.
Mlango wa friza ndio makaburi yetu: karatasi ya kila mhusika aliyekufa hubandikwa pale. Marlys ameshasogeza sumaku. Ameacha nafasi katikati kabisa. Pazuri, siwezi kukataa.
Nimekimbilia msalani na mkoba wangu. Naandika humu, kete iko kwenye ukingo wa sinki. Verlyn amegonga. Nimemwambia nahesabu.
Halafu akanong'ona: "Rusha humo humo, shemeji. Mara utakazo. Masikio yangu yatasikia moja tu."
Nimerusha. Tisa. Pungufu mbili.
Kivuli cha miguu yake bado kiko chini ya mlango.